Kombe Lijapo Mikoani, Mwenyeji Naye Apone

Jioni ya Jumapili tarehe 30 Aprili 2017, katika uwanja wa CCM Kirumba mjini Mwanza, Yanga ilivuliwa Kombe la FA ililokuwa ikilishikilia. Aliyeivua hakuwa Simba, wala Azam. Ilikuwa Mbao FC, klabu ambayo jina lake latokana na biashara ya mbao, na ambayo ndiyo kwanza ilikuwa ikimaliza msimu wake wa kwanza katika Ligi Kuu. Bao lilikuwa moja tu, nalo la beki wa Yanga aliyejifunga mwenyewe. Lakini bao ni bao, na kitabu cha matokeo hakiulizi limeingiaje. Usiku ule Mwanza haikulala mapema.

Twaukumbusha mchezo huo leo, miaka mingi baadaye, si kwa ajili ya kuwakera ndugu zetu wa Jangwani. Twaukumbusha kwa sababu msimu ule wa 2016/17 ulionyesha waziwazi kombe la taifa ni la kazi gani. Na yaliyofuata baadaye yalionyesha, kwa uwazi ule ule, jambo ambalo sisi sote tumeshindwa kulifanya. Mambo hayo mawili hayana budi kusemwa pamoja.

KOMBE NI MLANGO

Ligi ni safari ndefu. Mwenye fedha nyingi, wachezaji wengi na basi zuri ndiye afikaye mbele, na si ajabu. Kombe si hivyo. Katika kombe timu hukutana mara moja, na atakayefungwa hurudi nyumbani. Timu ya wilaya, ambayo wachezaji wake asubuhi wanafanya kazi na jioni wanafanya mazoezi, yaweza kusimama mbele ya timu ya taifa zima ikiwa na haki sawa ya dakika tisini. Ndiyo maana nchi zenye mpira wa kweli hazikuacha kombe lao life hata pale ligi ilipotajirika.

Sisi tuliliacha letu likalala. Wazee wanalikumbuka Kombe la Nyerere, ambalo mshindi wake alitoka kwenda kushindana na washindi wa nchi nyingine za Afrika. Kisha ikapita miaka mingi bila kombe la taifa lenye uhai, mpaka lilipofufuliwa msimu wa 2015/16 chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu kwa udhamini wa Azam, na bingwa akaahidiwa nafasi katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Fainali ya kwanza, tarehe 25 Mei 2016, ilichezwa Dar es Salaam, na Yanga ikaifunga Azam mabao 3 kwa 1. Mtu angeweza kusema, basi, ni yale yale: timu za Dar es Salaam zimekutana Dar es Salaam kugawana kombe jingine.

Msimu wa pili ndio uliomkanusha msemaji huyo.

MSIMU WA MBAO

Yafaa msomaji akumbuke mwaka ule ulikuwaje. Ligi Kuu ilijaa mabishano ya mezani. Simba ilipewa pointi tatu za Kagera Sugar kwa hoja ya kadi za mchezaji, kisha ikanyang'anywa. Watu wakawa wanajadili barua na kamati kuliko pasi na mashuti. Mwishowe Yanga na Simba zilimaliza zikiwa na pointi 68 kila moja, na Yanga ikachukua ubingwa kwa wingi wa mabao. Mbao yenyewe ilikuwa imeingia Ligi Kuu kwa njia isiyo ya kawaida: mwaka 2016 timu zilizokuwa mbele yake katika kundi lake la Daraja la Kwanza ziliadhibiwa kwa kupanga matokeo, na mlango ukamfungukia aliyekuwa nyuma. Wapo waliosema kwamba timu hiyo imeokotwa njiani na haitadumu.

Mwalimu wake alikuwa Mrundi, Etienne Ndayiragije, mtu asiyejulikana sana hapa kwetu wakati ule. Hakuwa na wachezaji wa majina. Alikuwa na vijana wenye mbio, wasiojua kuogopa jezi. Walipokutana na Yanga katika nusu fainali wakaitoa. Tarehe 20 Mei, siku ya mwisho ya ligi, walikutana nayo tena hapo hapo Kirumba, na wakaifunga tena 1 kwa 0. Yanga ilitwaa ubingwa siku hiyo ikiwa imefungwa, nayo Mbao ikanusurika kushuka. Jirani yao, Toto Africans wa Mwanza hiyo hiyo, hawakunusurika.

Juma moja baadaye, Jumamosi tarehe 27 Mei 2017, fainali ilichezwa katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Uamuzi huo wa kuipeleka fainali nje ya Dar es Salaam tuliufurahia wakati ule na twaufurahia hata leo. Mwaka uliotangulia Serikali ilikuwa imetangaza kuhamia Dodoma, na mpira nao ukahamia, walau kwa siku moja. Simba, iliyoitoa Azam kwa bao 1 kwa 0 katika nusu fainali yake, ilikuwa na njaa kubwa. Tangu 2013 haikuwa imecheza mashindano ya Afrika, na kombe hili ndilo lililokuwa tiketi yake ya mwisho kwa mwaka ule.

Dakika tisini zilikwisha bila bao. Katika nyongeza Frederick Blagnon, mshambuliaji kutoka Ivory Coast, akaifungia Simba. Wengi wakadhani yamekwisha. Ndaki Robert akasawazisha, na kwa dakika chache kombe likawa halina mwenyewe. Kisha, mchezo ukikaribia kabisa kwisha, mwamuzi akatoa penalti. Shiza Kichuya akaiweka wavuni. Simba 2, Mbao 1. Penalti ya dakika kama ile haikosi mabishano, nasi hatutaki kuyafufua. Twasema tu kwamba vijana wa Mwanza walitoka uwanjani wakiwa wameshindwa kwa hatua moja, na nchi nzima ilikuwa imewaona.

Mpira mmoja uliopigwa kutoka alama ya penalti waweza kubadili mambo mengi. Simba ilirudi Afrika mwaka 2018 kwa tiketi ile ya Dodoma, na tangu hapo haikutazama nyuma: mwaka 2019 ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na mwaka 2025 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Twampongeza mshindi. Lakini gazeti lisilouliza habari za aliyeshindwa halijafanya kazi yake.

MBEGU ILIYOANGUKA PENYE MWAMBA

Baada ya Dodoma, klabu kubwa zilikuja kuchuma. Pius Buswita akaenda Yanga. Wengine wakaenda Simba na Azam. Hatumlaumu kijana anayefuata riziki. Mwalimu Ndayiragije naye hakukaa sana. Alipanda mpaka akakabidhiwa timu ya taifa, na mwaka 2019 akaifikisha Tanzania katika fainali za CHAN. Matunda ya Mbao, basi, yalilisha nchi nzima. Mti wenyewe je?

Hapa twamwomba msomaji atazame jambo moja ambalo halitajwi mara nyingi. Mshindi wa pili wa kombe mwaka 2017 alikuwa Mbao ya Mwanza. Mwaka 2018, mjini Arusha, alikuwa Singida United, aliyefungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Mwaka 2019, mjini Lindi, alikuwa Lipuli ya Iringa, aliyefungwa na Azam bao 1 kwa 0. Klabu tatu, mikoa mitatu, miaka mitatu mfululizo. Zote tatu zilishuka kutoka Ligi Kuu katika msimu mmoja, wa 2019/20: Singida United na Lipuli moja kwa moja, Mbao kwa kushindwa na Ihefu katika mchujo. Hata Mtibwa Sugar, aliyelitwaa kombe lenyewe mwaka 2018, alishuka mwaka 2024, ingawa tumefurahi kuona amepanda tena kwa msimu wa 2025/26.

Haya si bahati mbaya. Bahati mbaya humpata mmoja. Zikipatwa tatu kwa mpigo, hiyo ni kanuni. Tuliosoma katika shule za misheni twaukumbuka mfano wa mpanzi: ile mbegu iliyoanguka penye mwamba iliota upesi kuliko nyingine zote, tena ikapendeza machoni, jua lilipopanda ikanyauka, kwa kuwa haikuwa na udongo wa kushika mizizi. Kombe liliziotesha timu hizi upesi. Udongo ndio uliokosekana.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2000 huko Ufaransa, timu ya mji wa bandari wa Calais, iliyokuwa katika daraja la nne, ilizitoa timu kubwa, miongoni mwao bingwa wa nchi Bordeaux, mpaka ikafika fainali na kufungwa na Nantes 2 kwa 1 kwa penalti ya dakika ya mwisho, kama Mbao. Nahodha wa Nantes alimwita mwenzake wa Calais wakalinyanyua kombe pamoja. Ulikuwa ungwana mkubwa. Lakini klabu ile ya Calais ilifilisika na kuvunjwa mwaka 2017. Ungwana wa siku moja haukuilisha.

MGENI AMEKUJA MARA NYINGI

Tangu 2017 fainali ya kombe imetembea nchi. Imekwenda Dodoma, Arusha, Lindi. Mwaka 2020 ilikwenda Sumbawanga, mahali ambapo watu wengi wa huko walikuwa hawajawahi kuiona Simba kwa macho yao ikicheza mchezo wenye uzito huo. Simba ikaifunga Namungo 2 kwa 1. Mwaka 2021 ilifika Kigoma, mwisho wa reli, Simba na Yanga zikakutana kando ya Ziwa Tanganyika na bao moja la Taddeo Lwanga likaamua. Ilirudi Arusha mwaka 2022, Yanga na Coastal Union zikafungana 3 kwa 3, mabao yote matatu ya Coastal yakiwa ya kijana mmoja, Abdul Suleiman Sopu, kabla ya Yanga kushinda kwa penalti. Mwaka 2023 ilikuwa Tanga, kisha 2024 na 2025 ikavuka bahari hadi Zanzibar, na miaka hiyo yote mitatu Yanga ikashinda.

Twaliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Mwananchi wa Sumbawanga hulipa kodi ile ile anayolipa mwananchi wa Kariakoo, na moyo wake kwa mpira ni ule ule. Kombe linaloitwa la taifa halina budi kuliona taifa. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu amekuja mara nyingi; hebu tuulize kama wenyeji wamepona.

Siku ya fainali mji hufurika. Nyumba za wageni hujaa, mama ntilie huuza mpaka sufuria zikakauka, bodaboda hazipumziki. Uwanja hupakwa rangi, nyasi hukatwa, vyoo huoshwa. Asubuhi ya pili mabasi huondoka, na kombe huondoka nayo. Kinachobaki ni rangi. Baada ya mvua mbili rangi nayo hubanduka, na wale vijana waliokuwa wakiokota mipira siku ile hurudi kucheza katika uwanja wa shule wenye mawe, magoli yake miti miwili isiyolingana.

Na hesabu yasema hivi: katika fainali kumi, kuanzia 2016 hadi 2025, Yanga imelichukua kombe mara tano, Simba mara tatu, Azam mara moja, na Mtibwa mara moja. Kombe limetembea mikoani mara tisa. Limelala nje ya klabu tatu za Dar es Salaam mara moja tu.

HOJA YA WAPINZANI WETU

Wako watakaosema: mpira wa leo ni biashara, mwenye nguvu ashinde, na asiyeweza ashuke. Hoja hii si ya kupuuzwa. Fedha za wadhamini na za matangazo ya televisheni zimeinua mpira wetu. Bila hizo Yanga isingecheza fainali ya Afrika mwaka 2023, wala Simba mwaka 2025. Hatusemi klabu kubwa zinyimwe ili ndogo zipewe. Kumpunguza mrefu hakumrefushi mfupi.

Twasema hivi: mkubwa naye anakula shambani kwa mdogo. Waliotoka Mbao kwenda klabu kubwa walifunzwa na nani, na kwa gharama ya nani? Namungo ya Ruangwa, iliyofungwa fainali ya Sumbawanga, ilipata nafasi ya Afrika kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi. Nayo ikafika hatua ya makundi katika safari yake ya kwanza kabisa. Huo ni ushahidi kwamba mdogo akifunguliwa mlango huingia. Mashamba yakifa, mkubwa atachuma wapi? Atanunua nje, na timu yetu ya taifa itabaki na njaa katika nchi yenye vijana wengi kama mchanga.

TUANZE NA NYUMBA YETU

Ni rahisi kulinyooshea kidole Shirikisho. Sisi twapenda kuanza na nyumba yetu wenyewe, maana gazeti hili ni la Chama, na msomaji ana haki ya kutuuliza.

Kirumba, ambapo Mbao waliitoa Yanga, ni uwanja wa Chama. Jamhuri ya Dodoma ni wa Chama. Mkwakwani ya Tanga ni wa Chama. Uwanja wa Arusha unaobeba jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi na Waziri wa Sheria wa mwanzo wa uhuru, nao ni wa Chama. Viwanja hivi na vingine vya namna yake havikushuka kutoka mbinguni. Vilijengwa wakati Chama kilikuwa kimoja na wananchi wote walikuwa ndani yake. Watu walitoa fedha zao na nguvu zao. Kwa hiyo, hati ikiwa mkononi mwa Chama, amana ni ya wananchi wote, hata wa yule asiyebeba kadi yetu.

Na amana hiyo hatukuitunza kama ilivyopasa. Mara kadhaa Bodi ya Ligi imevifungia viwanja vya mikoani, vya Chama vikiwamo, kwa ubovu wa nyasi na huduma, na timu za mkoa zikalazimika kuhama kwenda kucheza ugenini michezo iliyopaswa kuwa ya nyumbani. Timu ndogo ikihamishwa hupoteza kiingilio, hupoteza washabiki, huongeza nauli. Tumewahi kujiuliza ni pointi ngapi zilizopotea kwa njia hiyo, na ni klabu ngapi zilizoanza kuanguka hapo? Mwenye uwanja mbovu asiilaumu timu inayoteleza.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji fedha kutoka ng'ambo.

Kwanza, mapato ya kila kiwanja cha Chama mkoani yatumike kwanza katika kiwanja hicho hicho, kwa nyasi, maji na vyoo, kabla hayajatumika kwa jambo jingine. Na hesabu zake zibandikwe ukutani wananchi wazisome.

Pili, sehemu ya kiingilio cha fainali ya kombe ibaki katika mkoa uliomkaribisha mgeni, itengeneze viwanja vya shule na si jukwaa la wakubwa. Kila fainali iache nyuma yake walau uwanja mmoja wa watoto uliosawazishwa, wenye magoli ya kweli.

Tatu, klabu kubwa inayomchukua kijana kutoka klabu ndogo iilipe klabu iliyomlea fidia ya malezi inayojulikana, iliyoandikwa, isiyotegemea huruma wala mazungumzo ya usiku hotelini.

Nne, katika raundi za mwanzo timu ya daraja la chini ichezee nyumbani kwake. Huko Ufaransa timu iliyopitwa madaraja mawili au zaidi hupewa haki hiyo. Hapa petu jambo hilo lingewapa watu wa wilayani siku moja ya kuiona timu kubwa bila kupanda basi, na lingeipa timu ndogo kiingilio cha kuiendesha hata mwisho wa msimu.

Ndugu wasomaji, Mwanza imewahi kuwa na Pamba, bingwa wa nchi mwaka 1990, iliyoitwa kwa jina la zao la mkoa. Iliporomoka, ikakaa chini miaka mingi, ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25. Baina ya kuanguka kwa Pamba na kurudi kwake ndipo Mbao ilipowaka na kuzimika. Pamba na mbao: majina ya kazi, majina ya jasho. Nchi hii imezipa klabu zake majina ya sukari, dhahabu, pamba na mbao kwa sababu ilijua kwamba mpira mwema hutoka mahali penye kazi.

Siku fulani timu nyingine isiyotazamiwa itasimama tena katika uwanja wa mkoani mbele ya mkubwa, na mkubwa ataanguka. Hilo halitatushangaza, kombe ndivyo lilivyo. Yatupasa tu tuwe tumelima udongo kabla mbegu haijaanguka, ili watu wa mkoa huo wakiisha kushangilia jioni moja, wasije kulia misimu mitatu baadaye.